Vasektomi: ngozi inavyofunguliwa na mrija unavyofungwa

Mimi ni plamba. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifunga na kufungua mabomba ya watu kuanzia Kayole hadi Kileleshwa, kwa hiyo siku nilipoketi kwenye benchi la kliniki nikingoja kumwona sista kuhusu kufunga uzazi, kichwani nilikuwa na maswali ambayo kijana aliyekaa kando yangu hakuwa nayo. Yeye alikuwa na swali moja, na alilirudia mara tatu: "Hawa wanatumia kisu ama hawatumii?"

Nilimwelewa. Mwanamume akisikia kisu kikitajwa pamoja na sehemu zile, masikio hufunga hapo hapo. Lakini kwa mtu wa mabomba, kisu ni habari ya kuvunja tile. Ukishavunja tile ukalifikia bomba, ndipo kazi inapoanza: utalizibaje lisije likavuja baada ya wewe kuondoka? Katika vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanamume, namna ngozi inavyofunguliwa huamua utaumia kiasi gani wiki ya kwanza. Namna mrija unavyofungwa huamua kama mwaka ujao mtakuwa mnatafuta jina la mtoto.

Kliniki ya kwanza niliyoingia niliuliza, "Mrija mnaufungaje? Kwa uzi, kwa moto, ama vipi?" Aliyekuwa mezani alinitazama kama mtu aliyeuliza viungo vya sambusa. "Baba, hayo ni ya daktari. Wewe tuletee mwili tu." Nilimshukuru nikatoka. Nilizunguka nyingine mbili kabla sijapata pa kutulia, na yote niliyoyakusanya njiani nayaweka hapa, moja kando ya jingine, kwa yeyote anayepima kama nilivyokuwa napima.

Kwanza tuondoe hofu moja, kwa haraka. Kufungwa si kuhasiwa. Korodani hubaki mahali pake zikifanya kazi yake, homoni huendelea kuingia kwenye damu kama kawaida, na jogoo huwika vilevile. Kinachozibwa ni mirija miwili myembamba inayopeleka mbegu kutoka korodani kwenda kuchanganyika na maji mengine ya shahawa. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno ya shahawa, kama 2 hadi 5 katika kila 100, ndiyo maana hata kwa macho huoni tofauti. Mbegu zinazoendelea kutengenezwa huvunjwavunjwa na mwili na kufyonzwa. Nilipomweleza hivyo binamu yangu wa Githurai alisema, "Sasa zinaenda wapi, kwa goti?" Haziendi kwa goti.

Ngozi: kisu au bila kisu

Njia ya zamani ni ya kuchana. Baada ya ganzi, daktari huchana ngozi ya mfuko wa korodani kwa kisu cha upasuaji, mara nyingi pande zote mbili, sentimita moja au mbili kila upande. Huutoa mrija, huufunga, huurudisha ndani, kisha hushona.

Njia ya bila kisu ilitoka China. Mwaka 1974, daktari Li Shunqiang wa mkoa wa Sichuan alibuni vifaa viwili. Cha kwanza ni koleo yenye pete kwenye ncha, inayoukamata mrija kutoka juu ya ngozi bila kuitoboa, jinsi unavyoweza kuikamata kamba ndani ya mfuko wa rambo. Cha pili ni koleo ndogo iliyochongoka. Hutoboa tundu dogo, kisha mikono yake hufunguliwa na kulipanua. Hapo ndipo kuna ujanja wote: ngozi na mishipa ya damu husukumwa kando badala ya kukatwa. Tundu moja katikati latosha kwa mirija yote miwili, na ni dogo kiasi kwamba kwa kawaida halishonwi. Madaktari wa kutoka Marekani walikwenda China katikati ya miaka ya 1980 kujionea, na tangu hapo njia hiyo imeenea dunia nzima, Nairobi ikiwemo.

Naomba jina lisikudanganye. Bila kisu si bila kutobolewa. Kijana wa kwenye benchi alidhani ni mionzi fulani hivi.

Hapa takwimu haziyumbi. Thailand waliwahi kuwafanyia vasektomi wanaume zaidi ya elfu moja wakati wa sherehe za siku ya kuzaliwa ya mfalme, wengine kwa kisu na wengine bila. Matatizo baada ya upasuaji yalikuwa 3.1 kwa kila wanaume 100 upande wa kisu, na 0.4 upande wa bila kisu. Utafiti mwingine, wa mwaka 1999 katika nchi tano, ulikuta damu kuvilia ndani ya mfuko kwa 12.2 katika 100 waliochanwa, na 1.8 kwa waliotobolewa. Maumivu yalikuwa machache upande wa bila kisu, na kwa mikono iliyoizoea kazi yenyewe huisha upesi zaidi. Kama hujawahi kumwona mtu ambaye damu imemvilia huko, mshukuru Mungu. Mwenzangu mmoja wa kazi alirudi nyumbani na kitu cha ukubwa wa embe, rangi ya bilinganya, akakaa nacho wiki tatu akiambia watu ana mgongo.

Kwa kuzuia mimba, hata hivyo, hizi mbili ziko sawa. Mbegu haijui mlango daktari aliopitia. Kwa hiyo, kisu au bila kisu? Bila kisu, kama aliyepo ameizoea. Nasema kama ameizoea kwa sababu zile koleo zinataka mkono uliofunzwa: mrija hushikwa kwa vidole vitatu, cha kati kikiwa chini, gumba na cha shahada juu, na asiyejua huupoteza kila mara kama sabuni kwenye karai. Daktari aliyefanya mia kadhaa kwa kisu ananipa amani kuliko aliyeona video ya koleo juzi.

Mrija: uzi, utando, moto

Sasa tumefika kwenye bomba lenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Mbinu ya kawaida katika nchi nyingi zisizo na fedha nyingi ni kukata na kufunga kwa uzi. Kipande cha mrija, kama sentimita moja, hutolewa, na kila ncha iliyobaki hufungwa fundo. Ina sifa zake: haihitaji mashine, haihitaji stima, uzi upo kila hospitali. Kwa macho unasema yamekwisha, maana umekata, umetoa, umefunga, kitakachopita ni nini?

Nilimuuliza daktari swali hilo hilo. Akacheka. "Fundi, bomba lako la plastiki ukilikata, litajiunga lenyewe usiku?" Haliwezi. "Mwili unaweza." Uzi ukikazwa mno, nyama ya ncha hukosa damu, hufa na kudondoka pamoja na fundo. Ukilegezwa, huachia. Vyovyote vile mbegu huanza kuvuja pale kwenye ncha, mwili huzizungushia kinundu, na ndani ya kinundu hicho vijia vidogo vidogo huweza kujichimba mpaka vikaifikia ncha ya pili. Mrija umejiunga upya bila kumwambia mtu.

Dawa ya kwanza ya tatizo hilo ni utando. Mrija haukai uchi. Umevikwa ngozi laini kama kisu kilivyovikwa ala. Baada ya kukata, daktari huivuta ala ile juu ya ncha moja na kuifunga, ili ncha moja ibaki ndani ya ala na nyingine nje, ukuta ukiwa katikati. Utafiti uliofanywa katika nchi saba na kuchapishwa mwaka 2004 ulilinganisha wanaume waliokatwa na kufungwa uzi tupu na wale waliokatwa, wakafungwa uzi, kisha wakawekewa utando. Kwa kupima shahawa, kazi ilishindwa kwa 12.7 katika 100 upande wa uzi tupu, na 5.9 upande wenye utando. Soma vizuri: hizo ni hesabu za shahawa kwenye hadubini. Si mimba, na mimba ni chache kuliko hapo. Hata hivyo, ukuta mmoja wa ngozi nyembamba ulipunguza kushindwa kwa zaidi ya nusu. Uzi tupu ukiutazama baada ya hapo, hautazamiki.

Dawa ya pili, na ndiyo iliyoniteka moyo, ni moto. Daktari huingiza ncha ya sindano yenye joto ndani ya tundu la mrija, upande huu na upande ule, na kuunguza bitana yake ya ndani tu, bila kuuchoma mrija wote. Kovu linalotokea humo ndani hujaza tundu na kuwa kizibo. Tofauti na uzi, ambao unabana kutoka nje, hiki ni kizibo cha kutoka ndani. Mafundi wenzangu wataelewa: kuna kulifunga bomba linalovuja kwa mpira wa tyubu, na kuna kuliziba kwa kulehemu. Watafiti walipowaweka pamoja wanaume waliofungwa uzi na utando na wale waliochomwa, kushindwa kulikuwa karibu 5 katika 100 kwa uzi na utando, na karibu 1 kwa moto.

Mashine za kuchoma ni za aina mbili, za umeme wa hospitali na za waya wa moto unaotumia betri. Hii ya betri naitaja makusudi kwa sababu niliwahi kuambiwa, "Hatuchomi, stima hupotea." Stima ikipotea betri haijui.

Ukiunganisha moto na utando, unapata mbinu ambayo wengi wanaipa nafasi ya juu. Mwongozo wa mwaka 2012 wa chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani unaikubali mbinu ya moto pamoja na utando, na pia moto peke yake, na unakubali nyingine mbili ambazo ni vizuri uzijue usije ukashtuka ukitajiwa.

Moja ni kuacha ncha ya upande wa korodani wazi. Ncha ya upande wa juu huchomwa na kutengwa kwa utando, ya chini haizibwi. Nia ni kupunguza mgandamizo wa mbegu zinazorundikana huko chini. Kwa masikio ya plamba hiyo ni kuacha bomba likimwaga ukutani, lakini ukikumbuka kwamba mwili hufyonza, ina mantiki.

Nyingine ni ile iliyokuzwa na kliniki za Marie Stopes za Uingereza: kuchoma bila kukata kabisa. Kipande cha mrija cha kama sentimita tatu huunguzwa kwa umeme upande mmoja wa ukuta wake mpaka ndani, bila kutenganishwa na bila uzi. Ni ya haraka, na katika mikono yao rekodi ni nzuri, kushindwa chini ya 1 katika 100. Kizuizi chake ni kwamba inategemea vifaa vyao na mafunzo yao, si jambo la mtu kujaribu kwa kusoma.

Klipu pia zipo, vile vibanio vidogo vya chuma. Husikika kama kitu cha kisasa, na kuna wanaozipenda kwa kudhani zitatolewa kirahisi baadaye. Hazijaonyesha kuzuia vizuri kuliko uzi, na kuzitoa hakurudishi mrija kama ulivyokuwa. Nilipita.

Na uzi tupu? Mwongozo ule unasema wapo madaktari wanaotumia kukata na kufunga na matokeo yao ni mazuri, kwa mazoezi yao wenyewe. Basi ukimpata mmoja, muulize: kati ya wateja wako 100, wangapi hurudi kufungwa tena? Anayejua jibu atakujibu bila kutazama dari. Lengo ni asizidi 1.

Ganzi, kwa ufupi

Kazi yote hufanywa kwa ganzi ya mahali hapo tu, uko macho. Unaweza kupewa sindano nyembamba, au kile kifaa kinachorusha dawa kwa mgandamizo ikapenya ngozi bila sindano. Cha kurusha kina mlio unaokurusha na wewe. Tofauti ya maumivu ni ndogo, sekunde chache tu. Kama unaogopa sindano kufa, kitafute. Kama huogopi, usikilipie zaidi. Muhimu kuliko yote mawili ni chumba chenye joto. Mimi nilienda Julai, ile baridi ya Nairobi ya kuvaa sweta mbili, na mfuko wa korodani kwenye baridi hujikunja kama ngumi, mrija haushikiki. Sista aliniwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo na kuniacha dakika kumi. "Tulia hapo Baba Neema, tunangoja mtoto atoke nyumbani." Nilicheka mpaka hofu ikapungua.

Nilichosikia ni kuvutwa, kama mtu anavuta uzi ulioungana na tumbo, na harufu ya nywele zilizoungua. Dakika ishirini hivi. Daktari aliniuliza bei ya pampu ya maji wakati anachoma upande wa kushoto, na nadhani alifanya makusudi.

Baadaye ni barafu iliyofungwa kitambaa kwa vipindi, chupi ya kubana, siku mbili za kulala, na wiki moja bila kubeba mzigo. Hili la mzigo wenye kazi za mikono tulisikie: mtungi wa gesi ni mzigo, mtoto wa miaka mitatu ni mzigo. Tendo la ndoa pia lingoje kama wiki moja. Maumivu hutulizwa kwa paracetamoli. Aspirini iache, huongeza kutoka damu. Na tusifichane, kati ya wanaume 100 mmoja au wawili hubaki na maumivu ya muda mrefu yanayowasumbua kiasi cha kutafuta matibabu. Haijalishi umefungwa kwa uzi au kwa moto, kliniki isiyokutajia hilo inakuuzia.

Kikombe

Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi wanapoangukia, na si kosa la daktari.

Siku unayotoka kliniki hujawa salama. Juu ya pale palipofungwa kuna mbegu zilizokwisha kupita, kama maji yanayobaki kwenye bomba baada ya kufunga valvu ya chini. Yatatoka polepole. Shirika la Afya Duniani husema miezi 3, na miezi hiyo 3 mnaendelea na kondomu au njia nyingine yoyote mliyokuwa nayo. Baada ya hapo unapeleka shahawa maabara ndani ya kikombe zikaangaliwe. Ukitaka kujua kikombe kina thamani gani: pale ambapo wanaume hawapimwi, mimba katika mwaka wa kwanza hufika 2 hadi 3 kwa kila wanawake 100. Pale wanapopimwa, haifiki 1. Pengo hilo ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya kisu na bila kisu.

Na bado watu hawaendi. Mwanamume aliyevumilia sindano kwenye mfuko anashindwa kuvumilia kikombe cha plastiki chenye jina lake. Namwelewa pia. Kikombe changu nilikijaza nyumbani asubuhi, maana choo cha maabara kilikuwa na foleni na mlango usiofungika, na sampuli inatakiwa ifike mapema, ndani ya saa mbili, ikiwa na joto la mwili. Nikakificha chini ya koti kwapani, nikapanda matatu ya kwenda taoni, na matatu ikasimama kwenye jemu ya Jogoo Road. Ndiyo, Jogoo Road. Kondakta ananiambia, "Mzee, shika mkono juu watu wapite," na mimi mkono siwezi kuinua.

Jibu halikuwa safi. Zilionekana mbegu chache zilizokufa, hazitembei. Moyo uliruka, lakini daktari alinitua: zikiwa hazitembei na hazizidi 100,000 kwa mililita moja, wengi hukubali kuacha kondomu. Yeye alipenda nirudi baada ya wiki sita kwa uhakika zaidi. Mbegu zinazotembea zikiendelea kuonekana hata miezi 6 imepita, hapo kazi imeshindwa na mtu hufungwa tena. Ukishapata jibu safi, uwezekano wa mrija kujiunga baadaye na kuleta mimba ni kama 1 katika 2,000.

Kwa hiyo unapolinganisha bei za kliniki, uliza kama kipimo cha shahawa kimo ndani ya bei. Ya bei ya chini iliniambia, "Hicho utajitafutia." Ile niliyoichagua ilikuwa na vipimo viwili ndani, na tarehe ya kwanza ikaandikwa kwenye kadi kabla sijavaa suruali.

Mimi ama Mama Neema?

Mwanzoni hatukuwa tunazungumza habari zangu. Mama Neema alikuwa na presha baada ya mtoto wa tatu, vidonge vikakatazwa, koili ikamsumbua, na nesi wa zahanati akamtajia kufungwa mirija. Yeye ndiye aliyeniuliza usiku, taa ikiwa imezimwa: "Baba Neema, kwani wewe huna mirija?"

Sikuwa na jibu. Wa mwanamke uko ndani ya tumbo. Hata ukifanywa kwa mpasuko mdogo na ganzi ya mahali, daktari lazima aingie tumboni kuufuata. Wangu uko milimita chache chini ya ngozi, unaushika kwa vidole. Kwa uhakika, njia zote mbili ni imara, na wa mwanamke una faida yake: unafanya kazi siku ile ile, hakuna kungoja miezi 3. Ila kama mwanamke hafunguliwi tumbo kwa sababu nyingine, kwa mfano upasuaji wa kujifungua ambapo hufungwa hapo hapo, sioni kwa nini yeye ndiye apasuliwe. Hivi ndivyo ninavyoona, na najua nchini Kenya niko na wachache: wanandoa wanaotegemea vasektomi hawafiki hata asilimia moja. Novemba 2016 Siku ya Vasektomi Duniani ilifanyiwa hapa hapa Nairobi, wanaume wakafungwa siku hiyo mbele ya kamera, watu wakazungumza wiki nzima, kisha kila mtu akarudi kwa kondomu yake.

Kurudisha

Wanauliza wote: ikibadilika, inafunguliwa? Inafunguliwa, kwa upasuaji wa hadubini wa saa kadhaa na gharama kubwa mara nyingi kuliko kufunga, na kinachoamua zaidi ni miaka iliyopita. Kundi la madaktari wa Marekani lilichapisha mwaka 1991 kwamba kwa waliorudishiwa kabla ya miaka 3 kwisha, 76 katika 100 walipata mimba na wake zao. Baada ya miaka 15 ilikuwa 30. Mtu anayeuliza habari za kurudisha kabla hajafungwa, sista wetu humwambia aende nyumbani akafikiri tena, na mimi namuunga mkono sista. Kwa asiye na hakika kuna kipandikizi, kuna koili, kuna kondomu. Na kondomu ibaki kwa jambo lingine pia: kufungwa hakuzuii virusi vya UKIMWI wala kisonono.

Nilichochukua mwishowe ni bila kisu kwa ngozi, moto na utando kwa mrija, ganzi ya sindano ya kawaida, kwa daktari aliyefanya kazi hiyo kila wiki na kulijibu bila kufikiri swali langu la wangapi hurudi. Kliniki yenye kifaa cha kurusha ganzi ilikuwa na viti vizuri zaidi na Wi-Fi, lakini walikuwa wanafunga kwa uzi tupu.

Kijana wa kwenye benchi tulikutana tena, mimi nikienda na kikombe cha pili, yeye akiwa na cha kwanza ndani ya mfuko wa khaki ulioandikwa "mandazi". Safari hii hakuuliza habari za kisu. Aliuliza, "Mzee, hiki unaacha dirishani ama unaingia nacho?" Nikamwambia aingie nacho, na akishaandikisha akae karibu na ile hita. Jibu langu lilitoka saa tano: hakuna mbegu iliyoonekana. Nilipiga picha karatasi, nikamtumia Mama Neema. Alijibu kwa neno moja: "Hatimaye." Kisha la pili: "Pitia maziwa."